Miguu ya Papa Imebaki Mwaka Jana

Maman Naïma mpendwa, pole na kazi ya kubeba mizigo yetu. Nipokee na mimi na wangu, ila jina langu ulifiche, ju watu wetu wote wa huku Ulaya, kuanzia mtaa wa Matonge mpaka hapa Jette, wanasikiliza kipindi chako cha redio, na wenye akili watanijua hata hivyo, donc niite tu Graciella.

Mimi ni mutoto wa tatu wa Papa Tharcisse, tulitoka Likasi nikiwa mudogo, na tangu Mama alipofariki ninaishi na Papa, mimi na yeye tu. Kazi yangu ni kuosha na kulisha wazee kwenye maison de repos ya Ganshoren. Mama alipoondoka Papa alikaa kwenye dirisha akitazama tram, mwaka na zaidi, mpaka mimi mwenyewe nikasikia kuna kikosi cha ngoma na tarumbeta, si fanfare ya kanisa, ni kile cha kutembea uwanjani mkichora maumbo huku mnapiga, na kinachukua watu wa kila umri, mutoto wa miaka kumi anasimama pembeni ya mwanamke mwenye wajukuu. Papa alipiga tarumbeta kwa mapadri alipokuwa kijana, bon, nikamshika mkono nikampeleka, na mimi nikajiandikisha ili asiwe peke yake. Huku Ulaya Papa amelinda parking maisha yake yote na hakuna aliyemwita hata monsieur, lakini kikosini vijana wakimwona wanasimama, papa Tharcisse kaa hapa, papa Tharcisse tuonyeshe, na siku ya kwanza alipovaa iniformu ya bluu alijitazama kwenye kioo cha ascenseur, ile lifti ya jengo letu, mpaka jirani akachoka kungoja. Nilimpata papa yangu tena siku ile.

Nikueleze kidogo namna tunavyofanya, ju bila hiyo hutaelewa dhambi yangu. Kila mwaka tunajifunza onyesho jipya, moja tu, tunalirudia baridi yote mpaka miguu inalijua kuliko kichwa, halafu Septemba tunakwenda Uholanzi kushindana mbele ya majaji. Kila muntu ana nukta zake kwenye majani, muziki ukifika hapa wewe uwe hapa, ukifika pale uwe pale, na hakuna anayetazama chini, hasa wale wanaobeba ngoma kubwa kifuani, hao hawaoni hata viatu vyao. Wanaamini tu kwamba mbele yao hakuna muntu, kwa sababu hakutakiwi kuwa na muntu.

Tangu baridi iliyopita Papa anasahau. Anakula halafu anauliza kama tumekula. Siku moja nilimpata Porte de Namur, kule Matonge, anaingia saluni moja, anatoka, anaingia nyingine, anamtafuta Mama, wadada wa saluni wamemkalisha wakampa chai, na mimi nikamwambia Mama ametangulia nyumbani, ju sikuwa na nguvu ya kumzika mara ya pili. Lakini, Maman, uwanjani muziki ukianza anakuwa muzima, mgongo unanyooka, macho yanarudi, ungemwona. Nikaenda kwa chef wetu Nadia, kiongozi wa kikosi, nikamdanganya kwamba nyuma ya Papa ninasikia vizuri zaidi, akanipanga hapo. Tangu wakati huo ninamwongoza. Kila tunapopumua kati ya kupuliza ninamwambia chini chini, kulia Papa, rudi Papa, simama. Hakuna aliyejua, na tulikuwa tunaendelea vizuri.

Mpaka Jumamosi moja ya mazoezi, katika wimbo wa pili, pale ambapo sisi wa tarumbeta tunarudi nyuma na wenye ngoma wanakuja mbele kupita katikati yetu, Papa akageuka. Akakata kushoto, akapita mbele ya ngoma. Djibril, kijana wa Kirundi wa hapa hapa Jette, ana miaka dix-neuf, kumi na tisa tu, alikuwa na ile ngoma kubwa kuliko zote, akamwona Papa dakika ya mwisho kabisa, akajitupa pembeni ili asimgonge, na ngoma yake ikampata Maman Riziki, mmoja wa wanaobeba bendera pembeni yetu. Maman Riziki ana miaka soixante-deux, sitini na miwili. Alianguka nikasikia mfupa, alors, nyonga imevunjika, amelazwa mpaka leo, na daktari hamwahidi kutembea bila gongo.

Na mimi, Maman, kabla watu hawajageuka, nilikuwa nimeshamshika Papa kwenye mkanda na kumrudisha mahali pake. Walipotazama wakamwona Djibril tu, yuko nje ya nukta zake, na mama wa watu yuko chini. Chef Nadia akamwambia mbele yetu sote kwamba angebaki kwenye nukta yake Maman Riziki angekuwa amesimama, akamtoa kwenye mstari, sasa kazi yake ni kusukuma mikokoteni ya vyombo na kujaza maji, na Uholanzi hatapiga. Djibril alisema ndiyo chef. Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake.

Wote wanajiuliza kijana mwenye bidii vile alikuwa anawaza nini. Mimi nilijua palepale. Papa hakupotea. Alikuwa anacheza onyesho la mwaka jana. Mwaka jana mahali pale pale sisi wa tarumbeta tulikuwa tunakata kushoto na kupita mbele ya ngoma, na alikata vizuri sana, hatua safi, kichwa juu, hakukosea hata kidogo, isipokuwa sisi wote tulikuwa mwaka huu na yeye alikuwa ule mwingine.

Baada ya siku ile Djibril alinisubiri kwenye kituo cha tram. Alisema, "Yaya, dada yangu, mimi nilimwona tonton, papa yako. Siwezi kumtaja mzee mbele ya watu, mama yangu hakunilea hivyo. Useme wewe." Nikamwambia nitasema. Sijasema. Mama yake nikikutana naye dukani ananisalimu vizuri, anauliza hali ya Papa, na ile ndiyo inaniua. Papa mwenyewe kila Jumamosi anaomba nimkaangie Djibril beignets, maandazi yetu yale, anampelekea kwenye mikokoteni, anamwambia pole mutoto, kila mara kama ndiyo mara ya kwanza, nadhani anamchanganya na kaka yangu. Huyo kaka yangu mukubwa yuko Liège, nilimpigia, akasema ni uzee tu, na aibu ya nyumba haitoki nje ya nyumba, na nikithubutu kumwambia chef nisimwite tena kaka.

Maman, zimebaki wiki mbili kabla ya Uholanzi. Nikisema, watamvua Papa iniformu, atarudi kwenye dirisha, na mimi ninajua namna hii inavyokwisha, ninawaosha wazee kama yeye kila siku. Nikinyamaza, Djibril anabaki na jina baya, na Maman Riziki anamlaani kijana asiye na kosa. Ninafikiri labda nifunge mdomo wiki hizi mbili tu, nimwongoze Papa kwa nguvu zangu zote, apige Uholanzi mara ya mwisho, halafu tukirudi nitasema yote. Je, ni vibaya sana? Silali, ninaona kitanda cha Maman Riziki, halafu ninaona Papa kwenye kioo. Nisaidie.

Graciella, Jette

* * *

Graciella mwanangu, pole. Nimesoma barua yako mara mbili na mara zote mbili nimevua miwani. Kumpoteza mzazi ambaye bado anakula mezani kwako ni msiba usio na matanga, hakuna anayekuletea chakula wala kukushika bega. Hilo nimeliona. Sasa kaa vizuri nikugombeze, maana mimi ni mtu wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili, na kwetu hatuzungushi maneno.

Unaosha wazee wenye ugonjwa huu kila siku ya Mungu, unawalisha kwa kijiko, unajua unavyoanza na unavyokwisha, na katika barua yote hii ndefu hukuandika jina la ugonjwa wenyewe hata mara moja. Umeandika "anasahau". Mtoto wa mgeni akikuletea baba yake pale kazini akakwambia anasahau tu, wewe ungemwambia nini? Na daktari je? Nimemtafuta daktari wa papa yako katika barua, sikumwona. Wazee wetu walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo kimekosea mlango kidogo tu, kikampata Maman Riziki kwenye nyonga.

Unaniuliza kuhusu wiki mbili. Wewe mwenyewe umeandika kwamba kikosi chenu kina watoto wa miaka kumi. Ulikuwa nyuma ya papa yako siku ile, umemkodolea macho, una mazoea ya kumwongoza, na bado alikata kushoto kabla hujafungua mdomo. Uholanzi kutakuwa na taa, kelele, watu wengi, uwanja ambao hajawahi kuukanyaga mwaka huu. Nani atakuwa mbele ya ngoma zamu hiyo? Usinijibu mimi, jijibu mwenyewe, halafu uniambie kama bado ni wiki mbili "tu".

Na huyu Djibril. Mama yake amemlea akaleleka. Amebeba kosa la mzee wako mbele ya watu, amesema ndiyo chef, anajaza maji, na hajamtaja mtu. Wewe umeichukua hiyo kama bahati yako. Mimi naiita wizi, maana unakula adabu ya mtoto wa watu kila Jumamosi, na juu ya hayo mama yake anakusalimu vizuri. Kijana amekupa heshima ya kusema wewe mwenyewe. Heshima hiyo haikai milele, na ikiisha atakuwa na haki.

Unasema papa anamchanganya Djibril na kaka yako. Inawezekana, mimi sikai naye. Lakini mzee anayempelekea kijana yule yule chakula na kumwambia pole, mimi sina haraka ya kusema amechanganyikiwa. Huenda katika nyumba yenu ni yeye peke yake aliyekwisha kuomba msamaha.

Kaka yako wa Liège mwache na aibu yake. Aibu ilishatoka nje ya nyumba, iko hospitali imelazwa, kila anayetaka anaweza kwenda kuitembelea. Yeye haoshi, halishi, hamfuati mzee Porte de Namur. Mtu wa namna hiyo akisema asiitwe kaka, mpe likizo.

Basi, utafanya hivi. Kabla ya mazoezi yajayo utakwenda kwa Djibril na mama yake, nyumbani kwao, si kwa simu, na utasema mbele ya mama kwamba mwanawe alimwokoa papa yako na wewe ulinyamaza. Atakasirika huyo mama. Usijitetee, na usilie sana, maana ukilia yeye ndiye atakayelazimika kukubembeleza. Kutoka hapo uende kwa chef Nadia umwambie yote, pamoja na uongo wako wa kusikia vizuri, na umwombe amsafishe kijana mbele ya watu wale wale aliomwaibisha mbele yao. Halafu hospitali kwa Maman Riziki. Huko usiende na matunda tu. Mama huyo amelala akimlaani mtu ambaye siye, na wewe ulimwacha.

Muulize Nadia kama kuna mahali papa anaweza kusimama bila kutembea, pamoja na hao wanaopiga wamesimama tu mbele ya uwanja kwa mfano, au apewe bendera ya kuingia nayo huku umemshika mkono. Anaweza kukataa, na atakuwa sawa. Sikuahidi lolote hapo. Inawezekana kabisa papa akatazama mashindano akiwa amekaa, na inawezekana baada ya hapo akarudi dirishani. Tafuta miadi ya daktari wiki hii, uliza kazini kwako nani anasaidia familia zenye hali hii, maana wewe peke yako hutaweza, na usijidanganye kwamba iniformu ilikuwa dawa. Ilikuwa furaha, nayo ni kubwa, lakini furaha ya papa yako haiwezi kulipiwa na mifupa ya wengine.

Nimelichelewesha la kwanza kabisa. Umezungumza na kaka yako, umezungumza na Djibril, umeniandikia mimi, na hakuna mahali ulipoandika kwamba ulimwambia papa yako. Umemshika mkanda, umemnong'oneza kulia na kushoto, umemwambia mke wake ametangulia nyumbani, umemfanyia kila kitu isipokuwa kumwambia ukweli kama mtu mzima. Kesho asubuhi, saa ile akili yake inapokuwa safi, zima redio, hata hii yangu, ukae mbele yake umwambie: "Papa, unaumwa, ugonjwa uko kichwani, na ndio uliokufanya ukate kushoto." Umwambie kuhusu Maman Riziki. Umwambie utakwenda kwa chef, na umuulize kama anataka mwende pamoja. Atakataa, atakuita mwongo, pengine atakufukuza jikoni na keshokutwa itabidi uanze upya. Anza upya. Mwambie sasa, Graciella, wakati bado ana akili ya kukukasirikia.

Maman Naïma