Sweta Lako Nimelivua

Mpendwa Baba Neema,

Julai imerudi hapa Makambako na baridi yake kavu inayopasua midomo. Unakumbuka Julai ya kwanza ya karakana yetu? Mwalimu mmoja wa Igwachanya alituletea kompyuta iliyokuwa nzito kufanya kazi. Ulikuwa umevaa sweta la sufu alilokufumia mama yako kule Matamba. Ulipochomoa memori, kile kibao chembamba cha kumbukumbu ya kompyuta, cheche ilikuchoma kidoleni, ukacheka. Ulipoirudisha mahali pake, kompyuta haikuwaka tena.

Hukumficha mwalimu. "Memori yako nimeiua mimi, kwa umeme wa sweta hili."

"Sweta nalo lina umeme?"

"Kwa ukavu huu, likisuguana na mwili, linao. Umeme huo sisi unatushtua tu, memori unaiunguza."

Ukamwekea nyingine. Tangu hapo hukufungua kompyuta ukiwa na sweta. Ulivaa mkanda wa mkononi, waya wake ukaubana kwenye chuma cha kompyuta ili umeme wa mwilini uishie huko, na vipuri ukavishika kingoni tu. Mimi nilikaa karibu na jiko la mkaa, nikikucheka unavyotetemeka.

"Cheka, lakini sogea ujifunze," ulisema. Nikasogea.

Tangu tulipokuzika, sweta hilo sikulivua. Nililima nalo, nikalala nalo. Neema aliomba alifue, nikakataa, nikiogopa harufu yako itaondoka na maji. Karakana niliifunga.

Wiki iliyopita alikuja mama anayechapisha barua za watu pale stendi.

"Kamwene, Mama Neema. Kompyuta yangu haiwaki, na wanangu wanakula kwa hiyo hiyo."

"Fundi alishafariki, dada."

"Najua, nilikuja msibani. Leo nimekuja kwako."

Nikafungua mlango, nikatoa bisibisi. Ndipo nikajitazama kifuani, nikaliona sweta lako. Nilisimama pale hadi yule mama akauliza kama naumwa. Nikalivua, nikalikunja, nikaliweka kitini. Baridi ilinipiga kweli kweli. Nikavaa mkanda, nikaubana waya, nikaichomoa memori kwa kingo zake. Ilikuwa imelegea tu. Nikaikandamiza hadi ikakaa sawa, na kompyuta ikawaka. Mama yule akapiga vigelegele, mimi nikalia.

Bado nakulilia, sikudanganyi. Ila leo kuna kompyuta mbili mezani zinanisubiri, na mlangoni, chini ya jina lako, nimeandika langu.

Pumzika wewe. Mimi nina kazi.

Mkeo,
Mama Neema