Baba Yako Anapokuita Mama

Mjukuu wangu Kalunde,

Marahaba, shikamoo yako imefika hapa Kigwa. Sote wazima, karanga tumeshang'oa.

Unataka nimwambie baba yako aache kukuita "Mama" mbele ya rafiki zako, akuite "Bosi" kama baba zao huko Dar. Mwezi uliopita ulitaka "Mwamba". Mnanichosha, Kalunde. Kabla sijalizoea moja mmeshalitupa.

Hilo jina lako la Kalunde lilikuwa la dada yangu, mama mzazi wa baba yako. Alipofariki, mimi na baba yako tulikuwa na miaka tisa, kama wewe sasa. Siku moja tukimenya karanga baba yako akaniita mama, maana kiukoo mimi ni mama yake mdogo. Wenzetu wakacheka: "Mama gani huyu, bado ananyonya kidole!" Nikaona aibu, nikamwambia, "Mimi si mama yako." Akaendelea kumenya karanga. Tangu siku hiyo ananiita Nyamizi tu, na neno "mama" sikulisikia tena kinywani mwake mpaka ulipozaliwa wewe.

Ukitaka aache, mwambie mwenyewe. Mimi siwezi kumkataza mara ya pili.

Ni mimi bibi yako,
Nyamizi