Harufu Nyumbani kwa Mwalimu Asanuma

Jumatatu, 12 Juni

Msimu wa mvua umeingia. Hapa Kanazawa, Japani, tunaambiana: sahau chakula cha mchana, usisahau mwavuli. Mwavuli sikusahau. Nilichosahau ni miguu!

Bosi Kurosaka kaniita chumba cha nyuma, katikati ya piano mbili zilizofunguliwa matumbo. Akakohoa. Akasifu kazi yangu. Akakohoa tena, akasifu tena. Mtu akikusifu mara mbili huku anatazama dari, kaa mkao wa kupokea kofi. Mteja mmoja amepiga simu — eti nikishaondoka kwake, hubaki harufu. Ya miguu. Mteja gani? Hasemi. Ikija simu nyingine kama hiyo, ziara zangu za majumbani anampa Okubo, fundi mwenzangu. Mimi nibaki karakana kusugua nyundo za piano.

Miaka kumi na tisa narekebisha sauti za piano za watu! Navua viatu kwenye milango minne, mitano kwa siku. Leo miguu ndiyo initoe kazini? Thubutu.

Jumanne, 13 Juni

Nimejichunguza. Kabla ya chai nimeinua kiatu cha kushoto hadi puani. Sirudii! Mteja hakunisingizia.

Mama kacheka mpaka akashika ukuta. Miaka thelathini alikaa mlangoni kwenye bafu la mtaa, anapokea watu na viatu vyao. "Miguu ya mji huu naijua kuliko nyuso zao, Chizuru. Mguu hauna kosa, mwanangu. Kinachonuka ni maji yaliyolala."

Akauliza nina jozi ngapi za viatu vya kazi. Moja. "Basi huvai viatu. Unavaa dimbwi."

Ni kweli. Navivua jioni vimelowa, asubuhi navivaa vibichi. Leo nimenunua jozi mbili zaidi. Zitakwenda zamu, kila jozi ipumzike siku mbili. Zikilowa: soli za ndani nje, gazeti ndani, likishalowa linabadilishwa, kisha mbele ya feni. Si karibu na jiko — ngozi hupasuka. Hilo hakuhitaji kunifundisha. Ubao wa piano ukikaushwa kwa pupa hupasuka vilevile.

Na miguu: sabuni katikati ya vidole, kisha taulo kati ya kidole na kidole. Nina miaka arobaini na sita, na ndiyo kwanza nakausha vidole vyangu kimoja kimoja.

Ijumaa, 16 Juni

Mvua siku nne mfululizo. Mimi? Mkavu!

Kwenye gari nina kimfuko: taulo, poda kidogo, soksi jozi sita. Nikifika kwa mteja navua soksi za barabarani, nafuta miguu, navaa mpya, ndipo nabonyeza kengele. Dakika mbili tu. Leo nyumba nne, hakuna aliyefungua dirisha. Mmoja kaniletea keki ya chai na kukaa karibu yangu kabisa! Usiku viatu nimevinyunyizia soda ya kuokea, asubuhi nitakung'uta.

Okubo atafute kazi nyingine.

Jumatano, 21 Juni

Leo kwa Mwalimu Asanuma. Miaka themanini na moja, mgongo umenyooka kama rula. Anafundisha watoto piano nyumbani kwake. Mimi mwenyewe nilijifunza pale, na kofi la vidoleni nililipata pale.

Soksi mpya mlangoni, kama kawaida. Sapatu za wageni, zile za kuvaa ndani ya nyumba, nikachukua kwenye kabati lake la mlangoni, nikaingia chumba cha piano. Nikafanya kazi saa mbili. Nyaya zimekaza kwa unyevu, nimeziweka sawa zote. Onyesho la wanafunzi wake ni Jumapili ya tarehe mbili. Nikamuuliza watacheza wangapi. Sita. Mwaka jana walikuwa ishirini na mmoja.

"Watoto wa siku hizi hawana adabu," akasema. "Wanakuja na miguu inanuka. Nimewaambia mama zao waziwazi. Wamekasirika, wamewaondoa. Shauri yao."

Kisha akasimama akafungua dirisha. Dirisha! Mvua inanyesha! Yeye aliyenifundisha kwamba dirisha wazi msimu huu ni adui wa piano!

"Nishide," akasema, kwa jina langu la ukoo, mgongo kanigeuzia, "mkono wako ni mzuri. Ila mwili nao unataka kutunzwa."

Kumbe ni yeye aliyepiga simu.

Nilifika kwenye gari masikio yanawaka. Nikavua soksi nikanusa. Inanuka! Soksi niliyoivaa mlangoni kwake, safi, kavu! Sielewi.

Alhamisi, 22 Juni

Mama kaichukua ile soksi, akafumba macho kama anaonja mchuzi.

"Hii si harufu yako."

"Utajuaje?"

"Nimekuzaa. Hii ni ya watu wengi."

Nikakaa kitako. Ya watu wengi — sapatu! Sapatu za wageni! Watoto wanafika na soksi zimelowa, wanatumbukiza miguu humo, wakiondoka zinarudi kabatini mbichi, mlango unafungwa. Mwaka baada ya mwaka. Zake mwenyewe anaweka kando, anazianika dirishani, kwa hiyo hajui. Kila anayeingia anavaa harufu ya nyumba ile, halafu anasemwa yeye.

Watoto kumi na watano! Na mama zao wamesikia watoto wao wananuka.

Jumamosi, 24 Juni

Nimemweleza Bosi Kurosaka. Nilidhani atafurahi. Akashika kichwa.

"Usimwambie, Nishide. Nakuomba. Mteja wa miaka thelathini! Nitampeleka Okubo, yaishe."

"Okubo naye atanuka."

"Basi atanuka Okubo."

Nimempigia Mwalimu mwenyewe: nitarudi Jumatano kukagua nyaya kabla ya onyesho. Akasema, "Njoo. Ukiwa safi." Nimeikata ile simu taratibu sana.

Jumanne, 27 Juni

Niliwaza nimpelekee sapatu mpya za zawadi, mambo yapite kimya kimya. Mama kanirukia. "Mkubwa wako umpe kitu cha kukanyagia? Si bora umpige teke!" Kweli, huku kwetu kumpa mkubwa kitu cha miguuni ni tusi. Kwa mwalimu, haifai kabisa.

Basi nitasema. Yeye kwangu hakuzunguka. Jozi ya pili iko mbele ya feni, kavu kama mkate wa juzi. Siogopi. Naogopa kidogo.

Jumatano, 28 Juni

Naandika jikoni kwa Mwalimu. Kaniambia nisiondoke.

Nilipofika sikuvaa sapatu. Niliingia na soksi tupu. Akashtuka. "Ndiyo tabia gani hiyo?" Nikaomba radhi, nikafanya kazi yangu, saa nzima na nusu. Hakugusa dirisha. Niliona ameliangalia mara mbili.

Nilipomaliza nilipiga magoti sakafuni, nikavua soksi ya kulia, nikamnyooshea kwa mikono miwili.

"Mwalimu, naomba unuse."

Nilijua atanifukuza. Akavaa miwani, kana kwamba harufu huonekana, akanusa.

"Haina kitu."

Nikaenda kabatini nikaleta sapatu moja. Ya bluu, yenye ua. Hakuhitaji kuisogeza karibu. Akabaki ameishika.

"Zote?"

"Nadhani zote, Mwalimu."

"Tangu lini?"

"Sijui."

Akakaa kwenye kiti cha piano, upande wa mwanafunzi. "Mizuho," akasema. "Ana miaka saba. Nilimsimamisha hapo mlangoni, mbele ya wenzake. Nikamwambia akaoshe miguu kwanza ndipo aguse piano yangu." "Akaenda akaosha. Akarudi. Nikamrudisha tena."

Nikairudisha soksi mguuni.

Akasimama ghafla, akazitoa sapatu zote mwenyewe, jozi kumi na nne, akazitumbukiza kwenye beseni. Nikataka kumsaidia, akanizuia kwa kidole, kile kile alichonionyea nilipokuwa mwanafunzi wake. "Nishide, kaa jikoni. Nikishindwa, nitakuita."

Sasa yuko ukumbini, daftari la namba magotini. Amepiga mara mbili na mara zote mbili amekata kabla simu haijaita sawasawa. Namsikia anavuta pumzi. Anabonyeza tena, polepole, namba baada ya namba —

"Hapa ni Asanuma, wa piano. Naomba kuongea na Mizuho... Hapana, mama. Si wewe. Yeye mwenyewe."

Anasubiri. Amesimama, kichwa ameinamisha, kama anayeomba radhi.