Pampu ya Oili Niliyoing'oa

Durban, Jumapili

Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na mama, na wote walio hapo nyumbani Kalundu. Mgongo unaendeleaje? Nimesikia siku hizi unatengeneza injini za boti ukiwa umekaa kwenye kiti na wateja ndio wanaokushikia spana. Nilicheka sana, kisha nikaona huruma. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio una shida, na naandika kwa sababu kwenye simu mama husikiliza pembeni na sitaki alie.

Gereji yetu hapa mtaa wa Jacobs inatengeneza injini ndogo: za boti, za kukatia nyasi, na kadhalika. Mwezi uliopita kililetwa kitu ambacho hujawahi kukiona, pikipiki ya kutembea juu ya theluji. Usicheke. Mbele ina mbao mbili zilizopinda badala ya gurudumu, nyuma ina mkanda mpana wa mpira wenye meno. Kutoka hapa hadi milimani upande wa Lesotho si mbali, na huko theluji huanguka mpaka barabara inafungwa. Kuna nyumba ya wageni huko juu, na mtunzaji wake, anaitwa Thabiso, huitumia kupandisha chakula na kushusha watu. Ndiye aliyeileta.

Ile mashine ilinitesa wiki mbili. Kabureta ilijaa uchafu, panya walikuwa wametafuna nyaya, na bolti moja ilikatikia ndani, nikashinda siku nzima naitoboa na drili huku bosi akiuliza kama nachimba kisima. Vyote nikavishinda. Ikabaki pampu ya oili. Mashine hii haichanganyiwi oili na petroli kama injini zetu. Oili ina tangi lake, na pampu ndogo ndiyo inayoipeleka ndani. Hiyo pampu ilikuwa imevunjika. Deo, Mrundi ninayefanya naye kazi, alizunguka maduka yote akarudi mikono mitupu.

"Dada, ile kipande hapa Durban haiko," akasema. "Nani atauzisha kipande ya machine ya neige, hii ya theluji, kwenye joto hivi?"

Basi nikafanya ulivyonifundisha. Niliing'oa pampu, nikaziba tundu lake, nikachanganya oili na petroli kwa kipimo chako kile kile. Ikawaka kwa kuvutwa kamba mara moja. Thabiso alipokuja kuichukua alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaondoka. Sikumwambia neno juu ya kuchanganya.

Haikunijia kabisa kwamba kuna mtu wa kuambiwa, baba. Kwetu nani anaambiwa? Hata jirani asiye na boti anajua petroli ya injini ndogo lazima ichanganywe. Lakini Thabiso miaka yote amekuwa akimimina petroli tupu, na mashine inajichanganyia yenyewe.

Siku ya nne nikiwa natoka kazini, taxi imesimama kwenye robot, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani, nikakumbuka. Nilipiga simu, haikupatikana. Nikamwambia bosi, akasema niachane nayo, maana wenye mashine wakijua tuling'oa kitu bila kuwaambia, jina la gereji limekwisha. Nikapiga kesho yake na keshokutwa yake. Huko juu theluji ilikuwa imeanguka na hakuna mtandao.

Alhamisi akanipigia yeye. Mashine ilinoki njiani, injini ikakwama kwa kukosa oili, akiwa amempakia mpishi wao, mama mtu mzima mwenye homa kali. Alimbeba mgongoni, akateremka naye kwa miguu kwa masaa matano ndani ya theluji. Mama huyo amelazwa, anapata nafuu, Mungu ni mwema. Ila vidole viwili vya mguu wa Thabiso vimekuwa vyeusi, na daktari hajasema kama vitabaki. Juu ya hayo, mwenye nyumba ya wageni anasema Thabiso ndiye aliyeiua mashine, aondoke mwisho wa mwezi.

Hakunipigia kunigombeza. "Sisi," yaani dada, "wewe ndiye fundi," alisema kwa Kiingereza chake cha polepole. "Nieleze nilikosea wapi, nisirudie."

Nikamwambia nitaichunguza kwanza. Mimi mwanao nilisema hivyo.

Mashine imerudishwa jana. Bosi anataka niandike kwenye karatasi kwamba petroli ilikuwa mbaya, na kesho mwenye nyumba ya wageni anakuja kuichukua hiyo karatasi. Nikikataa, kazi sina. Unajua gereji ngapi zilinifukuza mlangoni, zikisema mwanamke aende saluni akasuke watu. Hii tu ndiyo iliyonipa spana.

Leo tulipotoka kanisani nilimpigia Thabiso nikamweleza yote.

"Kwa hiyo lile tangi la oili, lile lililojaa?" akauliza.

Nikamjibu halikuwa na kazi tena. Nilisahau tu kulimwaga.

"Eish," akasema taratibu. "Nilikuwa naliangalia kila asubuhi."

Hakunitukana. Aliuliza tu kama maneno hayo nitaweza kumwambia mwajiri wake, nikasema ndiyo. Kesho nitayasema, bosi akisikia. Naogopa, baba, sikufichi.

Nisalimie shangazi Furaha muuza samaki, dada yangu mkubwa Neema na watoto wake, na mjomba Kabwe kiongozi wa kwaya. Mama mwambie nakula vizuri.

Ukinijibu, usiniandikie kwamba mashine niliitengeneza vizuri. Najua niliitengeneza vizuri. Niombee vidole vya yule mtu.

Ni mimi binti yako,
Mapendo