Kura za Vumilia

Jumapili, 4 Agosti

Magunia thelathini na mawili ya viazi leo, nimeshona peke yangu. Vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya hapa Uyole. Soko lote hakuna mwingine anayeweza kushona lumbesa, gunia lililojazwa mpaka likavaa kilemba, lisidondoshe kiazi hata kimoja mpaka Dar. Mimi naweza nikiwa nimefumba macho. Niliwahi kufumba. Madereva wakashangilia. Miaka hamsini na miwili, na mvi sina hata moja. Kofia sivui kwa sababu ya baridi tu.

Jioni bandani kwa Mama Sekela, mama ntilie wetu, kula na kutazama yale mashindano ya kuimba. Wamebaki saba. Maoni yangu nayaandika humu, maana mle bandani hawamsikilizi mtaalamu. Binti wa Dar mwenye kope ndefu: sauti anayo, lakini anaimba kama ametumwa dukani, anataka amalize arudi. Kijana wa Mwanza: anaita ng'ombe. Gwakisa, wa hapa Iyunga: kucheza anajua, pumzi hana. Mstari wa mwisho anaumeza kila wiki. Mbeya nzima inampigia kura kwa sababu ni wa nyumbani. Ujinga.

Wa mwisho Vumilia, wa Kalenga, Iringa. Huyo ndiye. Anaanza chini kama anaongea na mtu jikoni, halafu anapanda, na shingo hakazi.

Na ni mpwa wangu. Mtoto wa dada yangu Anjela, tumbo moja. Nilisimama nikawaambia. Banda zima likaangua kicheko. Ambakisye, mpakiaji wa malori, akasema, "Lumbesa, juzi chui, leo mpwa!" Ndilo jina wanaloniita, kwa maneno yangu kuzidi gunia. Wakaendelea kula.

Jumatano, 7 Agosti

Hasira bado. Ya chui niliongeza kidogo. Alikuwa paka pori, na sikumchoma na sindano ya gunia, alikimbia mwenyewe. Lakini la Vumilia ni kweli tupu, na ndilo walilokataa.

Nimempigia Anjela nimweke kwenye spika wamsikie. Hapatikani. Huko Kalenga labda chaji. Picha sina. Sijaenda nyumbani mwaka wa sita.

Jumapili, 11 Agosti

Kijana wa Mwanza katoka, na mwingine mmoja. Vumilia kaponea chupuchupu. Jaji mwenye miwani kasema wazi: sauti ipo, kura hakuna. Jumapili ijayo anatoka.

Mama Sekela akaniuliza, bila ubaya, "Sasa baba, kama ni mpwa wako, mbona wenzake mama zao wanaonyeshwa, wake hapana?"

Nikafungua mdomo. Nilitaka kusema sijui. Nikasema, "Alifariki. Masika yaliyopita. Huyo mtoto nimemlea mimi."

Kimya. Mara ya kwanza miaka yote banda lile kunyamaza mimi nikiongea. Mtu anaweza kudanganya habari za chui, hawezi kumdanganyia dada yake kifo. Nikaona wameamini. Nikaongeza kilemba: alinifia mikononi, neno lake la mwisho mtoto asiache kuimba. Nikalia. Machozi ya kweli. Sijui yalitoka wapi.

Jumatatu, 12 Agosti

Wameleta msiba kwangu.

Wanawake wa soko, kanga viunoni, na unga, maharage, mkeka. Mama Sekela mbele. Ambakisye akanipa mikono miwili, "Pole sana, kaka. Ningejua nisingekucheka." Halafu mmoja mmoja wakatoa simu wakampigia Vumilia kura mbele yangu, wengine wanafuta machozi.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Sikusema. Nilihesabu kura.

Nimekula ugali wa matanga ya dada yangu.

Alhamisi, 15 Agosti

Uyole yote sasa ni ya Vumilia. Hata madereva wa malori wakisimama wanaambiwa, mpigie yatima wa Kalenga. Nafurahi. Naogopa. Vyote kwa pamoja.

Anjela nimempigia mara tisa. Hapatikani. Maneno huumba, ndivyo mama yetu alivyotuonya. Je, kama nimemuumbia? Leo nimejichoma sindano kiganjani, mimi, ambaye sijawahi kujichoma. (Nimewahi. Mara mbili.)

Jumapili, 18 Agosti

Vumilia wa pili kwa kura. Juu ya Gwakisa! Banda likalipuka. Ambakisye akanibeba mgongoni.

Mtangazaji akasema, leo tuna mgeni wake maalumu, amekuja Dar wiki mbili zilizopita, alijificha kwa shangazi wa mtoto, hata simu alizima ili asije akaropoka. Pazia likafunguka.

Anjela. Mzima. Kanenepa. Kitenge cha kwaya.

Nikaruka nikapiga kelele, "Yu hai! Jamani, yu hai!" Furaha ilinitoka kabla ya akili.

Wote wakageuka kunitazama.

Kwenye TV dada anaendelea, hana habari: "Namsalimu kaka yangu Uyole, mshona magunia. Ndiye aliyemwambia mtoto, imba, usimwogope mtu." Basi wakajua na la mpwa ni kweli. Halikunisaidia kitu.

Mama Sekela akauliza polepole, "Kwa hiyo baba, sisi tulimlilia nani?"

Hakuna aliyenitukana. Bora wangenitukana. Ambakisye alichukua sahani yake akaenda kumalizia kula nje.

Jumanne, 20 Agosti

Nimerudisha mkeka. Mama Sekela kaupokea, kaukung'uta vumbi. Magunia wanampa mshonaji mwingine. Mshono wake mbovu. Sikusema.

Jumapili, 25 Agosti

Nilitazama kupitia dirisha la banda, nikiwa nje. Baridi kali.

Vumilia aliimba kuliko wote. Binti wa kope ndefu hakumfikia, Gwakisa kaumeza tena mstari wa mwisho. Bandani hakuna aliyetoa simu kwa ajili yake. Kura zikasomwa. Katoka. Alitabasamu, akashukuru, akamkumbatia mama yake.

Nimemtoa mimi. Mdomo huu.

Ijumaa, 30 Agosti

Kalenga. Nimefika na basi la asubuhi. Juzi Anjela alipokea simu, nikamwambia yote. Hakukata. Alisema tu, "Njoo."

Nilimkuta uani anachambua maharage. Hakuinuka. "Kamwene, mfiwa," akasema. Salamu ya kwetu, na jina langu jipya.

Nikamwambia nimemharibia mtoto, nimemtoa mimi. Akanitazama. "Kwa banda moja la Uyole? Nchi nzima inapiga kura. Hata kwenye kosa unataka uwe mkubwa."

Halafu akaleta kigoda, maji, sabuni na wembe. Kwetu matanga hayaishi mpaka wafiwa wanyolewe. "Umelia, umepewa pole, umekula. Umebakiza hili. Siwezi kutembea na msiba wangu haujaisha. Vua kofia."

Nikavua. Alininyoa polepole, mkono mwepesi kama wa mama yetu. Vumilia alikuwa jikoni anasonga ugali, anaimba chini chini. Hakuimba vile kwenye TV. Hapa ni vizuri zaidi.

Nywele zilianguka kwenye gunia tulilotandika. Nyeupe nyingi kuliko nyeusi. Dada aliziona. Mimi pia.

Jumatatu narudi Uyole. Nitaanzia kwa Mama Sekela.