Kijarida cha Mume Wangu

Jumatatu, 2 Machi 1874
Enoch kanunua tena kijarida cha hadithi. Peni nzima! Tangu chai kajifunika nacho uso mbele ya moto, kimya. Nikamwomba nami nisome. Ati nisubiri amalize. Cha wiki iliyopita nilisubiri hivyo hivyo — kikatoweka.

Jumatano, 4 Machi
Nimejua vinakokwenda. Kwa Keziah! Yule mjane wa chumba cha nyuzi pale kiwandani kwetu, mwenye nywele nyekundu. Ellen, jirani yangu mtamboni, ndiye kanidokeza, huku anacheka: shoga, kila saa ya chakula yeye na mumeo wako ghalani nyuma ya marobota ya pamba, vichwa vimegusana, kijarida kimoja. Nyuzi zangu zimekatika mara tano leo. Miaka sita ya ndoa, mimi hajanisomea hata mstari!

Alhamisi, 5 Machi
Nimekwenda kuchungulia. Dirisha la ghala lina vumbi la pamba, nikalifuta kwa aproni. Sauti sikusikia. Lakini sisi wafumaji, kwa kelele za mitambo, tunasoma midomo. Keziah alikuwa anatamka neno moja moja, kama kwa mtoto. Enoch anarudia. Akakosea. Wakacheka! Kisha midomo ya Enoch: "Nakuomba, Dinah asijue. Atanidharau."

Hajui kusoma. Mume wangu hajui kusoma! Miaka sita anakodolea karatasi mbele yangu.

Afadhali ningewakuta wanabusiana. Busu ningejua la kulifanya. Aibu yake yote kampelekea yule — mimi kanipa uongo.

Jumamosi, 7 Machi
Leo kazi nusu siku. Nimemvizia Keziah langoni pa kiwanda. Nikamwambia mume wangu si mwanafunzi wake. Hakubisha. "Basi mfundishe wewe, dada. Kanijia mimi kwa sababu kwangu hana cha kupoteza."

Nilitaka kumzaba kofi. Mkono haukuinuka.

Jumapili, 8 Machi
Tumerudi kutoka kanisani. Enoch yuko mbele yangu na kijarida, mimi na daftari hili. Nililificha chini ya godoro miaka yote — ujinga gani! Sasa liko wazi mezani, limejaa jina lake.

Ningeweza kusema: leta, tusome pamoja. Kinywa kikatoa: "Nisomee, Enoch. Kwa sauti."

Kakohoa. Kasogea kwenye mwanga, kakilaza mezani. Jasho. Neno la kwanza — sawa. La pili — kwa lafudhi ya Keziah! La tatu limemkwama. Ananitazama.

Neno lenyewe naliona kutoka hapa, kichwa chini miguu juu. Nalijua.

Bado sijalisema.