Mmea Uliokumbatia Kiyoyozi

Mshauri wangu mpendwa, naomba msaada, ila usinicheke, maana jambo lenyewe linaanzia kwenye kiyoyozi na mimi ni fundi cherehani, mambo ya mitambo siyajui. Mama yangu mzazi alipooza upande mmoja, nikamhamishia chumbani kwangu kwa kuwa ndicho chenye kiyoyozi, na daktari alikazia asikae kwenye joto, sasa kiyoyozi chenyewe kinavuma tu, kinatoa upepo wa vuguvugu, nimeshusha rimoti mpaka mwisho, nimeosha chujio, wapi. Nje ya ukuta, penye lile sanduku la chuma lenye feni, marehemu mume wangu alipanda mmea wa kutambaa wiki chache kabla hajatutoka, nami nimekuwa nikiufunga kwa uzi wa cherehani, tawi baada ya tawi, hadi ukalifunika lote, na mchana nikichoka kushona najilaza mkekani karibu na mama, majani yanatetemeka dirishani, chumba chote kinakuwa cha kijani kama tuko chini ya maji, na katikati ya usingizi namsikia mume wangu huko nje akiburuta kandambili zake, anamwagilia, wala hana haraka. Juzi fundi wa viyoyozi alikuja, akatazama mara moja, akasema, "Dada, gesi ipo. Kata haya majani, kinakosa hewa." Nikamjia juu, nikamfukuza, halafu nikamwambia mama kwamba gesi imeisha na kuipata nyingine ni kazi. Mama, shuka limemlowa mgongoni, akanijibu, "Usijisumbue mwanangu, nimeshazoea." Tangu hapo sina raha. Hakuna namna kitapoza bila kuugusa mmea?

Fundi Cherehani

*

Pole sana, mdogo wangu, kwa mume na kwa mama. Sasa nisikilize. Namna hiyo haipo.

Joto la chumbani hutupwa nje kupitia sanduku hilo. Wewe umelishonea koti zito, tena kwa uzi wa kazi, halafu unahangaika na rimoti. Yule fundi wa watu umemwonea bure, mpigie umwombe radhi.

Kabla ya yote, mpeleke mama sebuleni penye hewa, mbadilishie shuka, mpe maji ya kunywa. Kisha zima umeme kwenye swichi ya ukutani, usitegemee rimoti. Kata nyuzi, ondoa majani, acha nafasi ya hatua nzima mbele na pembeni. Vile vibati vyembamba vya nyuma usivisugue, utavipinda; mwachie fundi avioshe kwa maji ya taratibu. Kiyoyozi kikigoma hata hapo, ndipo mzungumze habari za gesi. Na vijiti vitatu vinne vya mmea huo vichomeke uani, mbali na ukuta. Vitashika.

Sikukatazi kumsikia mumeo. Wangu mimi namsikia akikohoa jikoni mpaka leo, na huwa nasimamisha kalamu nimsikilize hadi amalize. Lakini hao wetu hawasikii joto tena. Mama yako analisikia, na amekuambia amezoea ili wewe usisumbuke. Hilo ndilo la kukutoa machozi, si majani.

Kata leo. Kikianza kupoza, mrudishe kitandani, keti karibu naye, umwambie ukweli kuhusu gesi.